Tone Kwenye Sahani

Wiki iliyopita nilimpelekea mama chupa ya jamu ya mapera niliyoinunua Ngara mjini. Alionja, akakunja uso. "Ile tuliyokuwa tukipika hapa nyumbani ilikuwa tamu zaidi."

Tuliyokuwa tukipika! Hasira zilinipanda. Mama hakuwahi kupika jamu maishani mwake. Aliyepika ni Mama Esperansi, mkimbizi aliyekuja kwa miguu kutoka kambini siku moja nilipokuwa mtoto, kwa ahadi ya kupewa chupa moja awapelekee wanawe. Mchana ule alikoroga sufuria mpaka harufu ya mapera ikafika barabarani, huku jamu ikimrukia na kumchoma mikono. Mwishowe alidondosha tone kwenye sahani baridi, akaiinamisha. Tone halikutiririka. "Imeshika, imeiva sawasawa," akaniambia, akicheka.

Mama akaja, akaonja, akatema. "Umeiunguza. Hii ni ya kumwaga. Nenda tu."

Mama Esperansi aliitazama ile sahani kwa muda. Kisha akasema, "Haya, mama," akaondoka mikono mitupu. Mimi nilidhani ameona haya kwa kuharibu sukari yetu, nikamchukia. Hata nilipozikuta chupa zimejaa jamu ile chini ya kitanda cha mama, nilidhani mama amezificha tusije tukaumwa matumbo. Krismasi tulizila zote na wageni, wakamsifu mama kwa mkono wake mtamu. Naye akaitikia, "Asanteni."

Sasa, miaka mingi baadaye, mama alikuwa amenyoosha kijiko, anataka nimwongeze ile ya dukani.

"Ipi hiyo iliyokuwa tamu, mama?" nikamuuliza. "Ile iliyoungua?"