Siku Nne za Mwisho Kobe

Juzi baba mdogo alitutumia picha ya jiko lao la Kobe, Japani, likiwa tupu. Anahama. Mama mdogo, yaani mkewe, mdogo wake mama yangu, alifariki mwaka juzi, na mzee wa watu anasema nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, ingawa ina vyumba viwili tu. Nilikuwa kwenye treni narudi Auburn, hapa Sydney, kutoka kazini. Niliitazama picha ile hadi nikapitiliza kituo changu.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Ukinipa zawadi nitaigeuza niangalie chini. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wenzangu wananicheka kwa hilo, na mimi nawaacha wacheke. Nilizaliwa kambini Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Burundi, na kambini safari haikutangazwa mbele ya watoto. Mtoto angelia, angeropoka kwa majirani. Basi asubuhi moja, nikiwa na miaka minne, niliamshwa, nikavishwa viatu, nikapandishwa lori. Bibi alibaki mlangoni na kikombe changu cha uji mkononi. Safari ile iliishia Australia, na sikumwona tena.

Nilipofikisha miaka tisa, likizo ya Desemba, Mama alinipeleka Kobe kwa mdogo wake, aliyekwenda kule kusoma akaolewa huko huko. Alinichukua mimi tu. Kaka zangu wawili waliachwa Auburn na Baba, na mimi, mjinga, nikaona ni bahati.

Na kweli nilifaidi. Sydney tuliiacha ikiwaka jua, kule tukakuta baridi ya kung'ata masikio. Mlima uko nyuma ya nyumba, bandari iko mbele, na asubuhi meli zilipiga honi hadi vioo vya dirisha vikatetema. Sebuleni kulikuwa na meza fupi iliyofunikwa blanketi, chini yake hita, nasi tulitia miguu humo tukamenya machenza mpaka kucha zikawa za njano. Jioni lilipita gari la kuuza viazi vitamu vya kuchoma, likiimba kwa kipaza sauti wimbo wa kuvuta kama wa msibani. Mama mdogo alikimbia nje na ndala. Viazi vitamu, fikiria! Tumevuka bahari kuja kula chakula cha kambini, alisema Mama, huku akichukua cha tatu.

Siku nne kabla ya kurudi, machale yakanicheza. Mama mdogo aliniletea viatu vya kuvalia ndani, vyekundu, vikubwa kupita mguu wangu. "Utakua navyo," akasema. Nitakua navyo lini, na Jumamosi tunaondoka? Kesho yake akanipitisha mbele ya shule ya mtaani, akanionyesha watoto wenye mabegi magumu ya mraba mgongoni, akauliza kama nayapenda. Nikajibu, "They're okay," nikatazama pembeni.

Nikaanza kuchunguza. Mama na mdogo wake walikuwa wakinyamaza nikiingia, au wakihamia kwenye Kirundi cha mbio, ile lugha ambayo wazazi wetu waliitumia kutufichia mambo. Mama akawa mpole, na upole wa Mama si wa kawaida: aliniita mwanangu mara tatu kwa siku moja, akanipikia maharage kwa mawese aliyoyabeba kutoka Auburn, akanipa mimi sehemu kubwa. Sanduku lake likaanza kujaa. Nguo zangu zilibaki kwenye droo.

Nilijua kinachokuja. Mama mdogo hakujaliwa mtoto, na kwetu ndugu aliyekosa hupewa wa kulea. Mama mwenyewe alipewa shangazi yake akiwa mdogo kuliko mimi. Hakuna aliyemuuliza, alitusimulia mara nyingi, na kila akisimulia alikuwa akikunja shuka au akisugua sufuria, asitutazame.

Basi usiku wa kuamkia safari niliichukua pasipoti ya Mama kwenye mkoba wake. Niliifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, maana sikuwa mtoto wa kuharibu vitu, nikaizika ndani ya pipa la mchele. Bila pasipoti Mama asingepanda ndege. Akikwama, tumekwama wote.

Sikuwa nimefikiria uso wake. Alfajiri alimwaga mkoba sakafuni, akamwaga sanduku, akapapasa chini ya meza, kisha akaketi katikati ya nguo. "Iko wapi? Niliweka hapa, hapa kabisa! Immigration nitawaambia nini mimi? Watanirudisha wapi?" Karatasi ile ilikuwa ya kwanza maishani mwake isiyomwita mkimbizi. Baba mdogo alisimama tu na funguo za gari mkononi. Mimi nikaenda kuvaa koti langu.

Mama mdogo alikuwa jikoni anataka kupika wali wa kututengenezea matonge ya safari. Nilimwona akiingiza kikombe kwenye pipa, akasita, akachomoa ule mfuko. Aliutazama. Kisha akanitazama mimi, nimesimama na koti nimeshalivaa na zipu nimeifunga hadi kidevuni. Aliitoa pasipoti, akaifutia kwenye aproni, akaenda sebuleni. "Dada, hii hapa. Ilikuwa nyuma ya sanduku." Mama akaibusu kama mtoto. Kisha mama mdogo akafungua droo, akakunja nguo zangu moja moja, akazipanga sandukuni mwenyewe.

Jumapili, baada ya ile picha, nilimkuta Mama anachambua majani ya muhogo. Nikamuuliza kama ni kweli mama mdogo alitaka nibaki kwake.

"Kweli. Aliomba sana," akasema. "Mimi nikakataa kukugawa. Nilimwambia, huyu si sahani, uliza yeye mwenyewe, akisema no, ni no. Akasema atakuuliza asubuhi ya mwisho, mkishakula. Sijui mbona hakukuuliza."

Mimi najua mbona, na Mama hadi leo anaamini ilikuwa nyuma ya sanduku. Mama mdogo alitupigia simu kila sikukuu mpaka alipougua, na hata siku moja hakugusia jambo lile. Ningekataa, sikudanganyi. Lakini ningekataa nikiwa mikononi mwake, nikimwambia nitarudi likizo nyingine, na huenda ningerudi. Sikurudi. Wiki ijayo jiko lile litapata wenyewe wengine, na wa kuombwa radhi hayupo. Mlangoni siku ile alinikumbatia kwa muda mrefu. Mimi nilisimama nimekauka, mikono ubavuni, macho kwenye sanduku la Mama, lisije likatangulia bila mimi.