Shali Nyeupe ya Anyango

Milka aliuza nguo za watoto sokoni Kibuye miaka kumi na mbili, na katika hiyo miaka yote hakuna mtu alimwambia kitu kikamwingia. Mitumba yake ilikuwa safi, hapo hakuna wa kubisha. Na kila mama wa mtoto mchanga alipewa neno lile lile: piga pasi, moto wa kutosha, mayai ya nzi yafe, mtoto asitoke majipu yenye funza. Asiyepiga pasi, kwa Milka huyo hakuwa mama.

Mwaka wa tisini na mbili, siku vijana walirushiana mawe na polisi, mkebe wa gesi ya machozi ulitua chini ya meza yake. Milka akafanya vile wanawake wa soko hufanya mvua ikija. Akafunika nguo na nailoni, akakaza kamba, akakimbia. Nguo aliokoa. Na moshi akaufungia ndani.

Kesho yake kulikuwa na baridi. Akafungua, akanusa, hakuna kitu. Jirani yake Joram, fundi wa viatu aliyewahi kuwa mwanajeshi, akamwambia zile nguo zikae kwa upepo siku tatu, kisha zifuliwe. Akasema jeshini walifundishwa gesi za vita kwa ukoo: kuna za kukaba pumzi, kuna za kubambua ngozi, kuna zile za kukamata mishipa zinamaliza mtu kabla hajaomba maji. Hii ya machozi ni mdogo wao. Lakini nyingine hupita na upepo, na nyingine ni unga, inalala kwa nguo, baridi inaituliza, joto linaiamsha.

Milka akamwuliza, watu wakisikia, kama si yeye alikuwa anamenya viazi huko jeshini. Soko likacheka. Joram akarudia viatu vyake.

Saa tatu akaja Anyango, muuza mananasi wa Sondu, na mtoto wa wiki mbili mgongoni. Akapenda shali nyeupe ya sufu.

"Piga pasi vizuri, nyathina, mwanangu," Milka akamwambia. "Umfunge nayo ikiwa bado na joto."

Mchana Milka akawasha pasi yake ya makaa anyooshe vifulana. Akanyunyiza maji, akabonyeza. Mvuke ukapanda, na kitu kikamshika koo kama mkono wa mtu. Macho yakafunga. Pasi ikaanguka, yeye akatambaa chini akitapika, mpaka Joram akamburuta upande upepo wa ziwa unatoka na kumzuia asisugue macho.

Asante hakusema.

"Shali," alisema.

"Shali gani, Mama?"

"Nimeuza moja. Ya mtoto mchanga."

Joram akamwachia mikono, aende.

Saa kumi Milka alikuwa Sondu, macho yamevimba, anauliza nyumba ya Anyango kwa wauza mananasi. Wakamwonyesha nyuma ya posho mill, ile mashine ya kusaga unga. Pasi ilikuwa mlangoni, makaa bado mekundu. Shali ilikuwa imetupwa kwa matope. Anyango alikaa nje, mtoto uchi mapajani, anammwagia maji, na mtoto alikuwa analia, mdomo wazi kabisa, lakini sauti haitoki.

Anyango akainua uso.

"Mama, uliuzia mtoto wangu nini?"

Milka, mwenye jibu la kila mtu, akainama akaisukuma ile shali mbali na mtoto.

Walimpeleka mtoto kwa dispensari, Anyango mbele, Milka nyuma. Siku nne alirudi Sondu. Hakuna siku alipewa kiti. Siku ya tano, akiwa bado barabarani, alisikia mtoto analia kwa sauti ndani ya nyumba. Akasimama akasikiliza mpaka akaamini. Halafu akageuka, akarudi Kibuye bila kubisha mlango.

Pasi yake alimpa Joram. Na mpaka leo Milka hamsalimii, kwa sababu Joram hajawahi hata mara moja kumwambia, nilikwambia, na hilo linamwuma kuliko kusemwa.