Kipande cha Njano kwa Mtoto wa Anti Mei

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa cha pamba hunirudisha Ipagala, kwenye baraza ya Anti Mei, Mchina aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Mumewe alikuwa mhandisi wa barabara. Mimi nilikuwa na miaka tisa, naye alikuwa na mimba aliyoisubiri kwa miaka minane.

Kwao, alituambia, mtoto aliyesubiriwa sana hushonewa blanketi la vipande mia moja, kila kipande kutoka nyumba tofauti, kila nyumba na heri yake. Heri hizo angeziandika kwenye daftari. Kiswahili chake kilitosha kununulia nyanya, si kuombea watu nguo zao, basi nikafuatana naye nikawa mdomo wake.

Nanyi mnajua, kwetu nguo ya mtu haiombwi ovyo. Bibi Ndahani, mzee wa Kigogo aliyeuza mlenda pale kona, alitukazia macho.

"Nguo iliyogusa mwili wangu? Mkaifanyie nini?"

Nikaeleza, jasho likinitoka. Akaingia ndani, akarudi na pindo la kaniki. "Mwandikie hivi: asiwe mtoto wa kulialia, na mvua isimpite."

Bibi alipotoa, mtaa mzima ukafunguka. Mke wa mchungaji alitoa kitenge. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha Chimwaga akatoa soksi, akiapa kwamba ameifua.

Nyumba iliyokuwa ngumu ilikuwa yetu. Kila nilipomkumbusha, mama alijibu, "Kesho." Mwishowe Anti Mei akaja mwenyewe, Jumapili mchana. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini, akaingia chumbani, tukasikia sanduku likiburutwa. Alitoka na mkasi na kifulana cha njano, kidogo kama kiganja changu.

"Ni changu hicho?" niliuliza.

"Cha kaka yako."

Nilicheka. Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba, kila mtu alijua! Kisha nikamwona baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, amegeuzia uso ukutani.

"Aliitwa Yohana," mama akasema. "Aliishi miezi minne. Neema, mweleze Anti yako vizuri aelewe. Ni nguo ya marehemu. Akiikataa, sitakasirika."

Nikamgeukia Anti Mei.

Alikuwa ameshaelewa. Aliweka mkono tumboni, nami nikadhani atainuka aondoke. Badala yake alikaa vizuri mkekani, akafungua daftari.

"Yohana," alisema polepole. "Anaandikwaje?"

Mama akamtajia herufi moja moja, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Alipoulizwa heri yake, alisema, "Aishi. Andika hivyo tu." Halafu akakata.

"Kwa hiyo mimi ni wa pili?" nilipiga kelele, nikalia kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa kitu chake. Mama akanivuta kifuani akicheka, na machozi yake yakanilowesha utosi.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye mapafu ya kuamsha kata nzima. Heri ya Bibi Ndahani kuhusu kulialia haikushika.

Mwaka uliofuata mama alinipeleka Gulwe, kijijini kwao, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hatujafika hata nyumbani, mwanamke mmoja akatua ndoo yake katikati ya njia, akaita, "Mama Yohana!"

Nikageuka kutafuta anayeitwa. Mama akaitika, "Abee," kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia, wakakumbatiana kwa muda mrefu.

Siku ile niliona jina hilo ni siri nyingine niliyofichwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mama alihamia mjini ili asiwepo wa kumuuliza habari za Yohana. Na kwa miaka yote hiyo, hapakuwepo pia wa kumsaidia kumkumbuka.