Msiba wa Kamanda Kengele

Lorraine Wojcik aliandika tanzia katika gazeti moja la mji wa Buffalo mpaka gazeti lenyewe likafa. Ndipo kampuni ya katuni ya New York ikamtafuta. Walitaka kutoa kamusi ya mashujaa wao waliokufa tangu enzi za Vita vya Pili vya Dunia, na waandishi wao vijana hawakukumbuka nani kafa na nani yu hai.

Vitabu vya katuni vikaletwa kwa maboksi, vinanuka ukungu. Lorraine hakuwahi kusoma katuni maishani, kwa hiyo aliwaandika marehemu wale kama alivyowaandika mafundi bomba na walimu wa Buffalo: alizaliwa wapi, ameacha nani, anaagwa lini.

Kwa Kamanda Kengele akakwama. Shujaa huyu, aliyevaa shaba mwili mzima na kulia ngoo! kila akipigwa, alikuwa amemeza bomu ili kuiokoa dunia. Lorraine akampigia simu Marty Feigelman, mwandishi aliyemuua.

"Ameacha nani?"

"Nani huyo?"

"Marehemu."

"Mama, yule ni mchoro!"

"Poleni sana. Mchoro ameacha mke?"

Marty akahema. "Basi ana dada. Anaitwa Gladys."

"Na anazikwa wapi?"

"Amelipuka, mama! Hakuna cha kuzika."

"Basi tutafanya ibada ya kumbukumbu. Wapi?"

"Popote upendapo!" Marty akakata simu.

Lorraine akachagua ukumbi wa parokia yake, palepale alipomuaga marehemu mumewe Stan, akaandika Jumamosi ya kwanza ya Februari. Hakuwa akitania. Tanzia isiyosema watu waende kulia wapi, kwake ilikuwa haijaisha. Mhariri hakuisoma, kitabu kikachapwa.

Jumamosi hiyo asubuhi simu ikalia. Alikuwa Padri Zbigniew.

"Lorraine, hapa nje kwenye theluji kuna mtu ana mabawa. Anasema ni rafiki wa marehemu."

"Si nilikuomba ukumbi, Padri? Ni wa Kamanda."

"Nilidhani mwanajeshi!"

Kufika mchana ukumbi ulifurika wasomaji wa katuni waliovaa majoho na vinyago. Akina mama wa parokia, ambao hawajawahi kumwacha mfiwa aondoke na njaa, walikuwa wameshabandika masufuria ya pirogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, za viazi na jibini.

"Kaondoka na nini?" akauliza Bi Halina, mpishi mkuu.

"Alimeza bomu," Lorraine akajibu.

"Tumbo hilo! Hata kaka yangu tumbo ndilo lililomwondoa."

Mara akaingia Eugene, fundi wa mabasi, amejifunga masinia na vifuniko vya sufuria tangu shingoni hadi miguuni, kama Kamanda mwenyewe. Halina akamzuia mlangoni kwa mwiko.

"Wewe huingii. Huu msiba wako."

"Lakini mama, nimevaa kumuenzi."

"Marehemu hali pirogi!"

Lorraine akaona njia. Kwa kuwa mwili haukuwapo, Eugene akaombwa alale juu ya meza mbili, mikono kifuani. Akakubali kwa heshima kubwa. Watu wakapanga mstari kumuaga. Wanaume wazima wenye mabawa wakalia kwa kwikwi, na Lorraine, ambaye kwenye msiba wa Stan alikuwa amejikaza mbele za watu, akajikuta analia nao.

Katikati ya sala Marty akaingia mbio, ametumwa na kampuni azime fujo. Mtu mmoja akamtambua.

"Huyu ndiye aliyemuua!"

Ukumbi mzima ukageuka. Hata maiti ikainua kichwa. Marty akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Jamani, atafufuka!" akapayuka. "Mwezi wa tano! Naapa!"

Vigelegele vikapasua paa. Lorraine peke yake ndiye aliyewaka.

"Afufuke vipi? Watu wameshakula!"

Kamanda akafufuka kweli, na wenzake wengi wakamfuata, kwa kuwa kampuni iligundua ufufuo unauzika kuliko kifo. Lorraine akatakiwa aandike karatasi ya masahihisho. Akaandika: "Tunasikitika kuwaarifu kwamba wafuatao wako hai." Kisha akaacha kazi, akaenda kuandika matangazo ya vifo kwa mwenye nyumba ya mazishi mtaani kwao.

Eugene naye akawa mgeni wa kila Ijumaa pale parokiani, bila masinia. Halina humpakulia, lakini akiomba nyongeza, mama wa watu hupiga kwanza ishara ya msalaba.