Neno Nililomkamua Wifi

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako mimi ndiye msimamizi, waliniita Kupe. Nikimng'ang'ania mtu simwachii, na jina hilo nililiona sifa. Daktari mzima aliwahi kunivulia koti lake chafu koridoni ili tu nimpishe apite.

Siku moja shuka nyeupe za chumba cha upasuaji zilitoka kwenye mashine zikiwa rangi ya waridi. Zamu ilikuwa yetu wawili, mimi na wifi yangu, mke wa kaka, ambaye kazi hiyo nilimwombea mwenyewe. Mimi sikosei, kwa hiyo ni yeye.

"Wifi, sema tu ulisahau kitu chekundu humu."

"Sikuweka kitu, wifi. Haki ya Mungu."

"Kwani kusema kunaua? Sema."

Nilimuuliza tukikunja shuka, nikamuuliza tukinywa chai. Ukali uliposhindwa nilimbembeleza, kisha nikamtania mbele ya wenzetu wakacheka. Siku ya tatu aliiweka pasi chini.

"Haya, ni mimi."

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikampeleka kwa bosi mimi mwenyewe, naye akamhamishia kusugua vyoo vya wodi.

Wiki mbili baadaye mashine iligoma kutoa maji. Fundi akaifungua, akachomoa kitambaa changu chekundu cha kichwa, nilichokuwa nimekitafuta nyumba nzima.

"Cha nani hiki?"

Wote walikijua, na wote waliinamia shuka zao. Nilisema ni changu. Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona, masikio yaliniwaka moto.

Nikaenda kwa bosi nikakiri, akakubali wifi arudi kwetu. Kisha nikamfuata wifi chooni.

"Wifi, ni mimi niliyekosa. Nisamehe."

Aliendelea kusugua.

"Sema umenisamehe."

Nikamshika mkono, glavu na povu lake.

"Neno moja tu, wifi. Siondoki hapa bila hilo neno."

Akaniangalia kwa uchovu. "Nimekusamehe, wifi. Nipishe nimwage maji ya ndoo hii."

Nikampisha. Amerudi kwetu, tunakunja shuka pamoja, ananisalimia vizuri. Lakini hadi leo sijui kama angenisamehe kwa moyo wake, kama siku ile ningenyamaza tu nikamsaidia kubeba ile ndoo.