Abiria Wasioonekana wa Barabara ya Kiwandani

Kwacha! Ndivyo komeo la lango la kiwanda cha korosho lilivyolia siku Somoe alipochelewa na kufungiwa nje mara ya pili, mkono wake ukiwa tayari umeshagusa chuma. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na safari ya kutoka Chuno hadi ng'ambo ya Mtawanya, aliyokuwa akiimaliza huku akiimba, sasa ilikuwa ikimmaliza yeye.

"Ukifungiwa tena, kiti chako nampa mwingine," alisema msimamizi Athumani kwa upole mkubwa, kama mtu anayekukaribisha chai.

Basi la mji lilikuwepo, lisisingiziwe. Lilikuwa zuri, rangi yake mpya, na lilikwenda hadi Chikongola tu, mbali na kiwanda, likageuza. Lami iliishia karibu na hapo, na hamu ya dereva nayo ikaishia papo hapo. Kiwanda kilipojengwa, wakubwa walifikiria mashine, wakafikiria mzungu wa kuzitengeneza na nyumba ya mzungu huyo. Watu wa kubangua korosho, ilidhaniwa, wangeota wenyewe mle ndani baada ya mvua.

Hatimaye ikaundwa Kamati ya Kupanga Nyongeza ya Njia ya Basi. Kamati ilikutana, ikachagua katibu, ikakutana tena kumpongeza katibu. Kisha ikaamua jambo la maana kweli: Alhamisi alfajiri itakaa kando ya barabara ya kiwandani na kuhesabu waendao kwa miguu, ijulikane kama abiria wapo.

Habari zikafika kiwandani zikiwa zimekatwa mkia. Basi halikutajwa. Kilichofika ni kwamba serikali inakuja kuhesabu watu barabarani.

Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Aliyehesabiwa asubuhi, jioni ungemkuta juu ya lori na mkeka wake na kuku wake, anapelekwa mahali pazuri asipopajua.

"Hata kwetu ng'ambo ya Ruvuma, Mreno alianza hivyohivyo," alisema Deolinda, mama wa makamo aliyekuwa akibangua kwenye kiti cha pili. "Alituhesabu vizuri sana. Kesho yake tukalala ndani ya seng'enge."

"Yesu na Maria!" akaguta Modesta. "Mimi mihogo yangu iko shambani, nani ataing'oa?"

"Nguruwe," akasema Deolinda. "Wao hawahesabiwi."

Wakacheka, lakini Somoe hakucheka. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke, na mama yake alikuwa Chuno, si juu ya lori. Kwa hiyo ni yeye Somoe aliyepita kiti kwa kiti akinong'ona: Alhamisi asionekane mtu barabarani. Tupite ndani, kwenye mikorosho.

Alhamisi kamati ikakaa. Ilikuwa na meza, mwavuli na chupa ya chai. Ikahesabu mbuzi, muuza tembo la mnazi mmoja na baiskeli yake, na lori la magunia. Wanawake walipita mikoroshoni karibu kiasi cha kusikia wajumbe wakipiga miayo. Somoe, kwa kuukimbia usafiri wake mwenyewe, aliwahi kazini kwa taabu ambayo hajapata kuiona.

Wiki iliyofuata, katibu Ismaili akaja uani saa ya mapumziko, kasimama juu ya kreti.

"Ndugu wafanyakazi, utafiti umethibitisha kwamba hamtembei. Mnafikaje hapa, kamati haikuulizwa. Kwa hiyo basi litaongezwa kwenda uwanja wa ndege. Huko, tulipokwenda kupungia wageni mikono, tuliona watu wengi sana."

"Kumbe hesabu ile ilikuwa ya basi!" Modesta akajishika kichwa.

"Kama yupo anayekuja kwa miguu," akaendelea Ismaili, "ajitokeze aandikwe sasa. La sivyo, tunafunga daftari."

Kila mtu akakumbuka viatu vyake.

"Nenda wewe, mwanangu," Deolinda akamsukuma Somoe kwa kiwiko. "Kwa tumbo hilo watakuandika wawili."

"Na wakinipakia kwenye lori?"

"Basi utakuwa umepata usafiri."

Somoe aliitazama kalamu ya katibu. Ilikuwa kalamu ileile, kwa macho yake, iandikayo majina ya wa kuhamishwa. Lakini miguu ilikuwa imemvimba hadi vifundo havionekani, na kesho lango lingefungwa kama kawaida. Akainuka, akavuka ua akikokota kandambili, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda vimefumbatwa ndani ya khanga.

"Haya dada," Ismaili akasema kwa furaha, "ieleze kamati. Alhamisi mlikuwa wapi?"

"Tulipita porini, kaka," Somoe akasema, sauti yake ikimfikia katibu tu. "Tuliwaogopa ninyi."