Shemeji wa Maabara

Walimu wenzake walimwita Madamu Mifupa, wala hakuchukia. Alikuwa amefundisha baiolojia kidato cha kwanza na cha pili tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi zote. Hakuolewa, na kila Ijumaa vipindi vikiisha alibaki maabara akikipangusa kile kiunzi cha mifupa cha plastiki, kilichoning'inizwa kwenye ndoano pembeni ya ubao, kwa kitambaa chenye maji. Mwalimu wa historia, mtu mwenye mdomo lakini asiye na ubaya, alimfuma siku moja akikisemesha. Basi, ikawa balaa. Kwa kuwa yeye alikuwa dada yao wote pale, kiunzi nacho kikawa shemeji.

"Dada, shemeji hajambo?"

"Hajambo, ila anazidi kukonda."

Chumba cha walimu kizima kikavunjika mbavu.

Utani huo ndio uliomponza. Likizo iliyopita alimzika mama yake, mtu pekee aliyekuwa akimpigia simu kila jioni kumuuliza, "Umekula, mwanangu?" Alirudi shuleni amedhamiria kuwaambia wenzake, apate walau wa kumpa pole. Hajaingia sawasawa, mwalimu wa historia akapaza sauti: "Huyo karudi! Shemeji kakuulizia likizo nzima!" Wakacheka. Naye, kwa mazoea tu, akacheka. Sasa ukishacheka vile, unaanzaje kusema umefiwa? Akajiambia atasema saa ya chai. Saa ya chai ikapita. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na wiki iliyofuata lilishakuwa kama jambo la aibu. Aliyeambiwa ni shemeji peke yake, Ijumaa, wakati anapangushwa taya.

Muhula haujafika katikati, mkuu wa shule akataka maabara iongezwe madawati. Ili nafasi ipatikane, shemeji akapelekwa shule ya jirani. Aliondoka kwenye gari la mizigo, amekalishwa mbele pembeni ya dereva kama mgeni rasmi.

Kesho yake asubuhi Madamu Mifupa aliwakuta walimu wamejipanga mstari, nyuso wamezikunja kwa majonzi ya kuigiza. Mwalimu wa hisabati alikuwa ameshika tama. Wakampa mkono mmoja mmoja.

"Pole, dada."

"Pole sana. Shemeji katutoka."

"Ndiyo dunia, dada. Jikaze."

Maneno yalikuwa ya utani, lakini mikono ilikuwa ya kweli, yenye joto, na ndiyo aliyoitamani tangu muhula uanze. Akaona asipolisema sasa halitasemwa tena.

"Asanteni," akasema. "Mama yangu amefariki."

Mwalimu wa historia akajishika kichwa. "Jamani! Na mama mkwe wa shemeji naye? Huu si msiba, hii ni mikosi!"

Wakaangua kicheko. Mwalimu wa hisabati alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Na yeye akacheka, maana utani wenyewe ulikuwa mzuri, na maana hakujua uso wake aufanye nini kingine. Kengele ikamwokoa.

Kidato cha kwanza walikuwa kwenye mada ya mifupa. Akaandika kichwa cha somo ubaoni, akachukua fimbo yake ya kuonyeshea, akaanza kama anavyoanza miaka yote: "Huu ni uti wa mgongo. Huu ndio unaotusimamisha." Fimbo ikaelekea pembeni, mahali palipobaki ndoano tupu.

Wanafunzi wakatazama fimbo, wakatazama ndoano.

"Mwalimu," msichana wa dawati la mbele akasema taratibu, "hayupo."

"Najua." Fimbo ilikuwa bado juu. "Najua, mwanangu. Hayupo."

Akaketi, akalia mbele ya darasa zima. Wao walidhani analilia mifupa. Lakini waliposema kwa pamoja, "Pole, mwalimu," hakuna hata mmoja aliyekuwa anatania.

"Asanteni," akawajibu. "Nimeshapoa."